Mkia wa Mtande

Bi Mejumaa alikuwa na desturi ya kuugusa mtande kabla hajavua viatu. Alifika karakanani kwa miguu kutoka Majengo, akatoa salamu kwa sauti ya chini, akaupitisha mkono juu ya nyuzi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kama mama anayempapasa mtoto kipaji cha uso ajue homa imeshuka au la. Baada ya hapo ndipo alipoketi, akavua viatu na kuvisukuma chini ya benchi kwa kisigino. Nilikiona kitendo hicho kila asubuhi tangu nilipoajiriwa pale, na kwa muda mrefu nilidhani ni mapenzi ya mtu kwa kazi yake, basi.

Karakana yenyewe iko Kuze, mtaa wa mji wa kale kisiwani, katika nyumba ya zamani ya mawe. Kuta zake ni nene kiasi kwamba jua la mchana halipenyi, wala hewa. Nyumba ya pili ni madrasa, na sauti za watoto wanaohifadhi hutufikia kupitia ukutani bila maneno, mfano wa maji yanayochemka chumba kingine. Mbele, penye dirisha la nondo, kuna vitanda vitatu vya kufumia. Nyuma kabisa, karibu na choo na pipa la maji, kuna cha nne ambacho kwa muda mrefu hakikuwa na mtu. Kilikuwa cha Mzee Kombe, aliyerudi kwao Kwale kwa ugonjwa wa kifua na akafia huko. Tangu wakati huo kiligeuzwa rafu, tukapangia maboksi ya uzi juu yake.

Kwa asiyewahi kukiona, kitanda cha kufumia ni umbo kubwa la mbao lenye gogo nyuma na gogo mbele. Kati ya magogo hayo hunyooshwa nyuzi za urefu, nazo ndizo mtande. Mfumi hupitisha uzi wa upana, yaani mshindio, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata. Ili asilazimike kuinua uzi mmoja mmoja kwa kidole, kila uzi wa mtande hupitishwa ndani ya kitanzi chake, na vitanzi hivyo huning'inia kwenye fremu nyembamba zinazopanda na kushuka kadiri mfumi anavyokanyaga. Kikoi cha kawaida huhitaji fremu mbili tu. Nyuzi za fremu moja hupanda, za fremu ya pili hushuka, na katika uwazi unaobaki hupita kile kijiti chenye uzi, ambacho sisi hukiita kidau kwa sababu ya umbo lake. Kisha zilizopanda hushuka, na zilizoshuka hupanda. Hakuna mfumo ulio sahili kuliko huo, wala unaodumu zaidi.

Kufuma, basi, si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuvuta, yaani kuingiza kila uzi katika kitanzi chake kwa kulabu, mamia kwa mamia, bila kuruka hata mmoja. Wafumi wana njia yao ya kuikwepa adha hiyo. Mtande unapokaribia kwisha, mfumi huukata nyuma ya fremu na kuacha mkia wa kiasi cha shubiri. Halafu huchukua mtande mpya na kuunga kila uzi wake kwenye uzi mmoja wa mkia, fundo kwa fundo, na akishamaliza huvuta kwa mbele. Mafundo hupenya vitanzi moja baada ya jingine, na mtande mpya hufuata njia iliyokwisha kufunguliwa. Maadamu mkia upo, hapana haja ya kuvuta tena.

Mkia wa Bi Mejumaa haukuwahi kukatika. Aliuvuta alipokuwa mfumi mpya, Mzee Kombe akiwa nyuma ya kitanda akimpa nyuzi, na tangu siku hiyo kila kikoi kiliungwa kwenye kile kilichotangulia.

"Ni nguo moja hino," aliniambia wakati mmoja, akikunja kikoi cheupe chenye taraza nyekundu ukingoni. "Sijapata kuimaliza. Nakata vipande tu."

Alizaliwa Matuga, upande wa pili wa kivuko, akaletwa kisiwani akiwa bi harusi wa kuli wa bandarini. Miaka ya mwanzo hakufanya kazi ya nje. Kisha mzigo ulimwangukia mumewe, mgongo ukaharibika, na Bi Mejumaa akaanza kuuliza mlango kwa mlango kama kuna kazi ya mikono. Waliomfunza kufuma walimwonea huruma kwanza, baadaye wakamwonea wivu, maana mkono wake ulipiga mshindio kwa nguvu ile ile asubuhi na alasiri, na kikoi chake hakikuwa na pahali palipokaza na pahali palipolegea. Nilipomkuta mimi alikuwa mtu mzima aliyechoka kwa uchovu usioponywa na usingizi. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri kwa kuwa bomba la mtaani hutoa maji wakati huo tu. Alimtoa mumewe kibarazani, akampikia uji, akaja kazini. Neno "nimechoka" alilisema kama wengine wasemavyo "sijambo", bila kungoja pole.

Mwenye karakana ni Bwana Morris, mtu wa Machakos aliyeinunua pamoja na vitanda, madeni na kanuni zake. Kanuni iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ya zamani kuliko yeye: mtu hafumi mtande aliovutiwa na mwingine. Kosa la kuvuta halifichiki wala halirekebishiki njiani. Uzi ukiingia kitanzi kisicho chake, ila, yaani dosari, hujitokeza katika mstari wa kwanza na kushuka pamoja na nguo hadi mwisho. Kwa hiyo ilitakiwa kila ila iwe na mwenyewe. Msaidizi aliruhusiwa kukaa nyuma na kutoa nyuzi, lakini mkono ulioshika kulabu ulikuwa ndio utakaofuma.

Asubuhi moja Bwana Morris alikuja na kipande cha kitambaa na kukitandaza juu ya meza yangu. Mimi nilikuwa na kazi ya kuchora mifumo na kuandaa mitande, kazi niliyosomea chuoni. Kilikuwa kitambaa laini cha rangi ya samawati, na juu yake mistari myembamba ililala upande, kama mvua inayopigwa na upepo.

"Kache, hii yawezekana kwenye vitanda vyetu?"

Nilikigeuza nikatazama upande wa pili. Ulikuwa mfumo wa mshazari. Mshindio hupita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, na kila mstari husogea uzi mmoja pembeni, ndipo inapopatikana ile milalo. Nguo yake huanguka vizuri mabegani kuliko ya kikoi.

"Yawezekana," nikasema. "Tuongeze fremu ziwe nne kila kitanda, kisha tuvute upya."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

Ngala, mfumi wa kitanda cha katikati, aliacha kukanyaga. Ni mtu wa Mariakani, mwembamba, asiyeweza kunyamaza. "Kuvuta upya," alisema. "Bwana Morris, na miwani utatununulia?"

Beverly, msichana wa kitanda cha tatu, alicheka. Bi Mejumaa hakucheka. "Mimi nina kikoi juu," akasema. "Anzeni nyinyi."

"Maliza, Mama," Bwana Morris akamjibu, "ila ukimaliza usiunge. Nimepata duka linalotaka shali. Leo ni mshazari, msimu ujao watataka mtindo mwingine, na tutavuta tena. Vikoi vyeupe vimejaa barabarani, vya mashine, rahisi. Siwezi kushindana navyo." Alikunja kile kitambaa taratibu. Yeye pia alionekana mchovu. "Asiyeweza kuvuta, kuna matamvua."

Sote tulijua matamvua ni nini. Ni kukaa mkekani, magoti yamekunjwa, kusokota nyuzi za pindoni za nguo ambayo mwingine ameifuma. Kazi hiyo huja na kuondoka, na malipo yake ni ya kipande. Haikuwahi kulisha nyumba. Nyumba ya Bi Mejumaa ilikula kutoka kwenye kidau.

Kuanzia siku hiyo alifuma polepole. Alifuma kidogo, akasimama, akapapasa, akafumua mistari michache na kuirudia. Ngala alivuta mtande wake akamaliza, Beverly akamaliza, na kikoi cha Bi Mejumaa kilikuwa bado juu.

"Bi Mejumaa," Ngala alimwita juu ya kelele za kitanda chake, "kikoi hicho wamfumia nani? Jini?"

"Namfumia mkeo, apate cha kujifunika uso akikuona."

"Mke wangu yuko Mariakani. Hanioni."

"Ndipo ndoa ikadumu."

Hata mimi nilicheka. Lakini niliendelea kumtazama, na nilipotazama nikaanza kuelewa. Uzi ulipokatika, hakuinama kuutafuta. Alipitisha kiganja juu ya mtande mpaka kikaangukia penye pengo. Mkasi ulipokuwa umelala mkono wake wa kulia, karibu kabisa, aliniomba nimpe. Aliposhuka vizingiti vya mlango aliushika ukuta. Kikoi hakikumhitaji aone. Miguu miwili, fremu mbili, nyuzi zinazojua njia yake: mtu angeweza kufuma hivyo akiwa amefumba macho, na huenda kwa muda mrefu alikuwa amefanya hivyo.

Siku kikoi kilipokwisha hakubaki na la kusingizia. Alichukua mkasi akakata nyuma ya fremu, lakini hakuzitoa nyuzi vitanzini kama wenzake walivyofanya. Aliacha mkia mbele na mkia nyuma, akazifunga nyuzi vishada vishada pande zote mbili zisichomoke, akazinyanyua zile fremu mbili pamoja na kitana chake, kile kichana cha kupigia mshindio, vyote vikiwa bado vimeshikana, akavikunja ndani ya leso kuukuu.

"Wamvika sanda?" Ngala akauliza.

"Sanda ni ya maiti," alimjibu. Alibeba furushi lile hadi nyuma akaliweka juu ya maboksi, kwenye kitanda cha Mzee Kombe.

Kesho yake tulianza kuvuta. Nilikaa nyuma ya kitanda kwenye kigoda, yeye mbele, na kati yetu zikawa zimening'inia fremu nne za vitanzi vyeupe. Nyuzi zenyewe zilikuwa nyeupe vilevile. Kazi yangu ilikuwa kuchagua uzi, kutaja fremu yake, na kuushikilia penye kitanzi. Kazi yake, kuingiza kulabu, kuukamata na kuuvuta kwake. Kwanza, pili, tatu, nne, kisha tena kwanza.

"Sema kwa sauti," akaniambia.

"Ya tatu."

Aliinua mkono, akagusa vichwa vya fremu kwa kidole kimoja baada ya kingine hadi akafika ya tatu, akateremka na kitanzi mpaka chini, akakipata kijicho chake kwa ukucha, ndipo akaingiza kulabu. Uzi ukapita. Nikataja ya nne, naye akaanza tena kuanzia juu. Tuliendelea hivyo mpaka shingo yangu ikawa ngumu, na yangu ilikuwa shingo changa.

Kuvuta ni kazi inayowaweka watu wawili karibu kuliko wapendavyo. Nyuso zilikuwa umbali wa mkono, na kati yake pazia la nyuzi. Nilijaribu kutouliza. Mwishowe yeye mwenyewe alisema, bila kusitisha kulabu.

"Macho yana wingu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, wataliondoa. Nikaambiwa ningoje kuitwa."

"Umengoja tangu lini, Bi Mejumaa?"

"Tangu Kombe yu hai."

Nikataja ya pili. Akaipata.

"Kombe alijua," akaendelea. "Alinizoea. Alikuwa akikohoa mara moja nikikosea rangi ya taraza. Basi alipoanza kukohoa kweli, sikujua nishike lipi." Alitabasamu kidogo. "Kache mwanangu, mimi sikwambii udanganye. Ukiulizwa, sema. Usipoulizwa, nipe uzi."

Nilimpa uzi.

Siku ya pili, alasiri, Bwana Morris aliniita nje nikapime mzigo wa nyuzi ulioletwa na tuktuk, kwa kuwa rangi mbili zilikuwa zimechanganywa. Nilichelewa. Niliporudi nilimkuta Bi Mejumaa amekaa pembeni, mkono mmoja ameupenyeza nyuma akijitolea nyuzi mwenyewe na kwa ule mwingine akivuta. Alikuwa amesonga mbele kiasi cha upana wa kiganja.

"Nimeendelea kidogo," alisema. "Nimeona haya kukaa bure, wenzangu wanafuma."

Nilitazama. Nyuzi nyeupe, vitanzi vyeupe, mwanga wa jioni umepungua. Sikuona kasoro yoyote. Nikaketi nikataja fremu iliyofuata, na tulipomaliza mtande ule, nilidhani kwamba tumefaulu.

Kosa halikujitokeza hadi asubuhi alipofuma. Nilimfungia nyuzi mbele, nikamweleza mwendo wa miguu: ya kwanza na ya pili pamoja, ya pili na ya tatu, ya tatu na ya nne, ya nne na ya kwanza. Aliushika upesi, kama mtu anayefunzwa wimbo. Mshindio wa samawati uliingia, na milalo ya mshazari ikaanza kuinuka kutoka ukingoni, safi kabisa. Halafu katikati ikakoma. Kwa upana wa kiganja nguo haikushikana. Mshindio ulielea juu ya nyuzi bila kufungwa, ukajitokeza mistari mirefu iliyolegea, kisha upande wa pili mshazari ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nilijua mara moja ni nini. Alipokuwa peke yake, mkono wake ulichoka kuhesabu fremu nne ukarudi kwenye mwendo uliouzoea maisha yake yote: kwanza, pili, kwanza, pili. Sehemu ile alikuwa ameivuta kama kikoi. Kwa mkanyago wa shali, nyuzi zilizovutwa hivyo hupanda zote pamoja na baadaye hushuka zote pamoja, na mshindio hukosa pa kukamatwa.

Sikuhitajika kumwambia. Aliacha kidau, akaweka kiganja juu ya nguo ukingoni, akakitelezesha kama afanyavyo kila asubuhi. Kilipofika katikati, kidole kikazama chini ya uzi uliolegea. Akakiacha pale.

"Hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Wakati ulipotoka nje."

"Ndiyo, Bi Mejumaa."

Ngala alikuja akatazama juu ya bega lake. Nilingoja mzaha, haukuja. "Huu ni mwendo wa kikoi," akasema polepole. Kisha akaniinamia mimi. "Bwana Morris hajafika. Mrekebishie wewe. Nani atajua?"

Ingekuwa kazi ya kuchomoa nyuzi zote kuanzia penye kosa hadi ukingo wa mbali na kuzivuta upya, lakini iliwezekana kabla ya adhuhuri. Nilikwisha kuichukua kulabu.

"Rudisha," Bi Mejumaa akaniambia.

"Haitanichukua muda mrefu."

"Najua. Na mtande wa pili? Na mtindo wa msimu ujao?" Alizungumza bila hasira, kama mtu anayepanga vyombo. "Utakuwa macho yangu hadi lini, mwanangu, na yako una kazi nayo? Tena kwa kificho, kila siku tukisikiliza mlango. Hapana. Nimechoka kufuma, sitaki na kuogopa tena juu yake."

Aliketi kwenye benchi lake, mikono mapajani, akangoja.

Bwana Morris alifika baada ya sala ya adhuhuri. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Bi Mejumaa, kile cha dirishani kabisa, kwa sababu ndicho kilichokuwa kimebaki, na hakuhitaji kuelezwa. Alivuta uzi uliolegea kwa ncha ya kidole ukainuka kama utepe.

"Nani amevuta?"

"Mimi."

"Nyuzi ngapi hizi, Mama. Hukuona?"

"Sioni," Bi Mejumaa akasema.

Nyuma ya ukuta watoto wa madrasa walikuwa wakirudia aya moja. Bwana Morris alitazama kwangu, akaangalia kwa Ngala aliyejitia kufunga uzi ambao haukukatika, akavuta boksi akalikalia.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ningekuwa mkekani tangu zamani."

Bwana Morris alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Mimi sikufukuzi. Nataka ujue hivyo. Lakini shali hii siwezi kuipeleka dukani, na wewe waelewa. Matamvua yapo."

"Magoti hayakunjiki. Nikikaa mkekani nitahitaji watu wawili waninyanyue, na Ngala hana nguvu."

"Kweli sina," Ngala akasema kutoka kwenye kitanda chake.

Hakuna aliyecheka. Bi Mejumaa alisimama, akashika ukingo wa kitanda cha Ngala, kisha cha Beverly, akaelekea nyuma. Tulimsikia akigusagusa maboksi. Alirudi amelibeba furushi la leso kwa mikono miwili, akalifungua, akaziweka fremu mapajani mwa Bwana Morris. Nyuzi zilikuwa zimelala vishada vishada kama alivyoziacha, na kitana kimeng'ata katikati.

"Bwana Morris, kanuni ya nyumba hino ni ipi?"

"Ipi?"

"Ya kuvuta."

Alisita. "Mtu hufuma alichokivuta."

"Basi hiki nimekivuta. Nilikivuta nikiona, Kombe akinipa nyuzi, na hakijapata kutoa ila hata moja. Macho ya siku ile yamo humu." Aligusa vitanzi. "Kitanda cha Kombe na changu vilichongwa na fundi mmoja. Fremu hizi zitakaa."

Bwana Morris alizigeuza zile fremu, akazitazama juu na chini, kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. "Vikoi haviendi, Mama. Nilikwambia."

"Maduka mawili ya hapa Kuze bado yanaulizia vyeupe vya mkono kila Idi ikikaribia," nikasema. Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeulizwa mimi. "Na watu wa harusi."

"Kila Idi," alirudia. "Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nitakaa nyumbani nimkande mzee mgongo," Bi Mejumaa akasema. "Nako kuna kazi."

"Pale nyuma hakuna mwangaza."

"Mwangaza nautaka wa nini?"

Ngala ndiye aliyeanza kucheka, kwa pua, akajizuia, akashindwa. Beverly akafuata. Bwana Morris alijaribu kuukaza uso, kisha akatikisa kichwa akitazama sakafu. "Kuna harufu ya choo."

"Pua nayo itachoka."

"Vikoi vikihitajika, utafuma. Visipohitajika, sina cha kukupa. Nisije nikaambiwa nilikuahidi."

"Hukuahidi," alimjibu. "Wamesikia."

Tulihamisha maboksi mchana ule. Chini yake kitanda cha Mzee Kombe kilikuwa kimefanya vumbi zito, na kanyagio moja lilikuwa limeliwa na mchwa. Ngala alichonga jingine kutoka kwenye mbao ya sanduku. Fremu zilikaa. Zilikwama kidogo upande wa kushoto, tukazipaka nta ya mshumaa.

Mtande wa dirishani niliurekebisha mimi. Nilichomoa nyuzi kuanzia penye kosa hadi ukingoni, nikazivuta tena, Beverly akinitolea. Kwa hiyo, kwa kanuni ile ile, kitanda kile kikawa changu cha kufumia. Sikumwambia Bi Mejumaa, naye hakuniuliza. Asubuhi iliyofuata alipofika, alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuelekea dirishani kabla hajakumbuka. Akaurudisha, akapita.

Nilimwandalia mtande mweupe, na tukaunga pamoja, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, tukikutana katikati. Kufunga fundo hakuhitaji macho. Alichukua uzi wa mkia, akachukua uzi mpya, akazisokota kwa kidole gumba na cha shahada, na fundo lilikuwa limekaza kabla sijamaliza langu. Upande wake ulikwisha mapema, akaanza kuja kwenye wangu.

Kisha tukavuta kwa mbele, taratibu, sehemu kwa sehemu. Hapo ndipo mkia unapoweza kukatika, fundo likigoma kwenye kitanzi. Bi Mejumaa aliinamisha kichwa karibu na fremu, sikio upande wa nyuzi, kiganja juu yake. Mafundo yalifika yakapita kwa sauti ndogo, mfano wa mchele ukimwagwa sahanini. Moja lilikwama. Alilitafuta kwa ukucha, akalibembeleza huku na huku, likapita.

"Zimepita zote?" akaniuliza.

Nilikagua kuanzia ukingo hadi ukingo, kisha nikakagua tena. "Zimepita."

Alivua viatu akavisukuma chini ya benchi la Mzee Kombe. Kidau kilikuwa tayari mkononi mwake, lakini hakuanza. Alikaa gizani pale, miguu juu ya makanyagio, akipumzika kwanza.